Mdomo wa Mwenyekiti: uchambuzi wa kisa kimoja cha mwaloni

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya makatibu, waenezi na viongozi wa kata na wilaya, wa chama chochote kile. Nilikuwa katibu wa wilaya yalipotokea, kwa hiyo baadhi ya makosa mtakayoyasoma ni yangu. Jina la chama nimeliacha na la wilaya pia. Itoshe kujua kwamba ni mojawapo ya zile za Mkoa wa Mwanza zenye visiwa na mwalo, yaani ufuko wa ziwa wanakoshushia samaki. Watu nimewaita kwa nafasi zao tu: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Tajiri. Mambo madogo mawili matatu nimeyageuza ili wasitambulike.

Usuli

Mwaka 2010 upinzani ulichukua Nyamagana na Ilemela, majimbo yote mawili ya jiji, na habari hiyo ilivuka maji upesi. Kwetu wilayani chama kilikuwa na ofisi ya chumba kimoja, meza ya kuazima na bendera iliyokwisha kupauka. Watu wakaanza kuulizana vijiweni: kumbe inawezekana? Tulichokosa ni mtu wa kulisema jambo likasikika.

Mwenyekiti alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Kabla ya hapo alivua dagaa miaka mingi, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea injini ikiwa inanguruma. Akipanda jukwaani saa kumi jioni anaanza na "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Watu wanacheka, wanamjibu, naye anawaambia kwamba huku mwaloni bado hakujapambazuka. Ameshawashika.

Aliyoyasema yaligusa mifuko ya watu: ushuru wa gunia la dagaa unaochukuliwa bila stakabadhi, nyavu za mvuvi mdogo zinazochomwa huku za mkubwa zikipita. Alikuwa na fimbo. Wakati ule sheria ilitaka sangara anayevuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85, basi yeye aliikata fimbo yake sentimita 85 na kuichonga alama kwenye 50. Anainyanyua mbele ya umati: "Samaki wako anapimwa. Anayempima samaki, yeye anapimwa na nani?" Nimeisikia sentensi hiyo mara kumi na kitu na kila mara uwanja ulilipuka.

Jambo jingine alilolijua ni mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kulala mchana. Wenzetu walipanga mikutano kwa ratiba ya viongozi kutoka mjini. Mwenyekiti alitazama juu. Mikutano yetu mwaloni ikawa inajaza nyomi kwa sababu aliijua siku ambayo wanaume mia kadhaa hawana kazi jioni. Hili halisemwi watu wanapomjadili, wanabaki kwenye mdomo tu.

Desemba 2014, uchaguzi wa serikali za mitaa, katika kata ya mwalo tulipata kijiji kimoja na vitongoji kadhaa. Awali hatukuwa na hata kimoja. Asiyekubali kwamba Mwenyekiti ndiye aliyetufikisha hapo hakuwapo.

Yaliyotokea

Januari 2015 mwenyekiti wetu mpya wa kijiji alinifuata ofisini. Ni mzee mpole, mkulima wa mpunga. Akaniambia, "Katibu, Mwenyekiti akimtukana mtendaji Jumamosi, Jumatatu mimi ndiye ninayekaa naye meza moja." Alikuwa anahitaji mihuri, anahitaji vikao, anahitaji diwani wa chama kingine amsikilize kuhusu kisima. Niliyaandika maneno yake kwenye daftari langu. Sikufanya lolote zaidi ya kuyaandika.

Mwanzoni mwa Machi, mbalamwezi, tukafanya mkutano mwaloni.

Kuna jambo kila mtu wa mwaloni analijua na halitajwi hadharani. Wapo wenye mitumbwi, na wapo vibarua wao, wanaomwambia mama aliyekuja na ndoo kwamba dagaa wapo lakini hela peke yake haitoshi. Mwenyekiti alitaka kuwashambulia watu hao. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiwa na orodha ya wasemaji. Akasema: "Mama akishuka mwaloni na ndoo tupu akarudi imejaa, msimuulize amelipa nini."

Watu wakacheka. Nilipokuwa nasikiliza nilidhani umati wote umecheka. Baadaye nilipoisikiliza rekodi nikagundua kwamba kicheko chote ni cha wanaume.

Aliendelea kama dakika mbili akiwachana wenye kambi, na hapo ndipo alipomtaja Tajiri kwa jina. Tajiri alikuwa na mitumbwi mingi kuliko mtu mwingine yeyote pale, na kambi yake ilionekana kutoka jukwaani. Nadhani ndiyo sababu pekee iliyofanya atajwe yeye, kwa maana hakuna aliyewahi kutuletea malalamiko juu yake. Kitu ambacho umati haukukijua, na ambacho mimi na Mwenyekiti tulikijua vizuri, ni kwamba Tajiri alikuwa akituazima mtumbwi na mafuta kila tulipokwenda visiwani. Hakutaka ijulikane, kwa sababu leseni zake zilipita kwenye mikono ya watu wa upande wa pili.

Usiku ule ule sauti ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Ilikuwa ile sentensi moja na kicheko, haina mbele wala nyuma. Siku mbili baadaye gari la matangazo la wapinzani wetu lilizunguka sokoni likipiga muziki, likisimamisha muziki, likiicheza sauti ile, kisha muziki tena. Hawakuongeza neno lolote.

Maamuzi na sababu zake

Kamati tendaji ilikaa Jumanne. Kulikuwa na waliotaka tunyamaze mpaka lipoe, na waliotaka Mwenyekiti aombe radhi. Mjumbe mmoja alitaka asimamishwe, ila huyo alikuwa anautaka uenyekiti na kila mtu alilijua hilo.

Mzee wetu mmoja alileta mfano wa Augustine Mrema. Mwaka 1995, akiwa mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, alipata asilimia 27.8 ya kura, na chama kikapata majimbo 16. Ugomvi ukazuka ndani, Mrema akahamia chama cha TLP mwaka 1999. Mwaka 2000 yeye akapata asilimia 7.8, na NCCR ikabaki na jimbo moja. "Mkimgusa ataondoka," mzee akasema, "na akiondoka mtazama wote wawili." Mwenyekiti naye alikuwa ameshanong'ona kwa watu kwamba akiombewa radhi kwa niaba yake atachana kadi.

Basi tuliogopa. Tukaamua nitoe taarifa kwa vyombo vya habari kwamba sauti hiyo imekatwa na wenye nia mbaya. Ilikuwa kweli imekatwa. Niliiandika taarifa hiyo jioni, nikapiga muhuri, nikaituma kwenye redio na kuibandika kwenye mbao mbili za matangazo. Mama mmoja muuza dagaa alinisimamisha njiani akaniuliza, "Katibu, hiyo sehemu iliyobaki, aliisema au hakuisema?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wiki tatu zikapita. Kikao kilichofuata kilikuwa cha mapato na matumizi, si cha jambo hili kabisa. Mweka Hazina alikuwa anasoma hesabu. Yeye mwenyewe ana chanja zake mwaloni, anaanika dagaa na kuwapeleka soko la Kirumba, Mwanza mjini. Alisoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akasema bila kupandisha sauti: "Na mimi ndoo yangu, mnajua nailipaje?"

Hakuna aliyeinua kichwa. Mwenyekiti alikuwa anachezea funguo zake.

Mweka Hazina akatoa masharti. Mwenyekiti aende mwaloni. Aende asubuhi, wakati wa kugeuza dagaa, si jioni ya mkutano. Asiende na vijana wa ulinzi, asiende na spika. Akifika akae. Tulikubali kwa sababu hakuna aliyekuwa na wazo jingine, na nadhani Mwenyekiti alikubali kwa sababu ya lile swali la ndoo.

Nilikwenda naye. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi cha dagaa kuanza kung'aa upande wa juu, na akina mama walikuwa wakipita kwenye chanja kugeuza upande wa chini. Yangeyange walikuwa wamejipanga kando wakisubiri mtu ageuke. Mwenyekiti alipewa ndoo iliyopinduliwa, akaikalia, magoti yakamfika kifuani. Akaanza vizuri: "Mama zangu, nilikosea." Akaeleza alichotaka kusema siku ile. Halafu nikaona mkono wake wa kulia unanyanyuka, sauti inapanda, akawa ameshafika kwenye ushuru, na stakabadhi, na mtendaji. Alikuwa jukwaani.

Mweka Hazina hakugeuka hata kumtazama. "Mwenyekiti, hapa hakuna spika."

Mmoja akacheka, kisha wengine. Mkono ukashuka. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akamuuliza: "Marehemu mama yako alikulea kwa dagaa wa mwalo huu huu. Na yeye tusimuulize alilipa nini?" Mwenyekiti alikaa kimya muda mrefu akiangalia mchanga. Akasema, "Muulizeni. Alilipa hela." Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba walio mbali walimuuliza jirani amesema nini. Bibi akamwambia sawa, akarudi kwenye chanja yake.

Kwa upande wa Tajiri hatukuamua chochote. Mwenyekiti alikataa kwenda, akasema tajiri ni tajiri tu. Ilibidi niende mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa napokea mafuta yake. Nilimtumia ujumbe wa simu. Hakujibu, nami nikajifanya nimefanya kazi yangu.

Matokeo

Uchaguzi mkuu ulifanyika Jumapili, tarehe 25 Oktoba 2015. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kukamilika, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa nchi kavu. Kwa hesabu za Mwenyekiti mwenyewe hiyo ilikuwa siku yetu.

Kata ya mwalo tuliikosa. Kata ya juu, ya wakulima, tuliipata, na huko Mwenyekiti alikuwa amehutubia mara nyingi kuliko mahali popote. Ubunge tulikosa. Mwaka huo huo Nyamagana na Ilemela zilirudi CCM, kwa hiyo sitamtwika mtu mmoja, kwa sentensi moja, mzigo wa upepo uliovuma mkoa mzima.

Lakini kuna jambo ambalo upepo hauhusiki nalo. Kwenye kisiwa kimoja vituo viwili vilifunguliwa bila mawakala wetu. Mtumbwi wa Tajiri ulikuwa "unatengenezwa injini" wiki hiyo. Tulikodi mwingine usiku kwa bei ya kuumiza, ukaondoka alfajiri umechelewa, ukakuta foleni imeshasogea. Wakala ambaye hakuwapo hawezi kusaini fomu ya matokeo wala kupata nakala yake. Sisemi tuliibiwa kura pale. Nasema mgombea wetu aliponiuliza Jumanne kilitokea nini katika vituo vile, nilimwangalia tu.

Akina mama waliokuwapo asubuhi ile, kama hamsini hivi, wengi walibaki na sisi. Najua kwa sababu walikuja kujitolea kupika siku ya mafunzo ya mawakala. Wa mialo mingine, ambao radhi haikuwafikia ila sauti iliwafikia, hatukuwaona.

Uchambuzi

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi, kwenye semina na kwenye kahawa: kiongozi msema ovyo anakisaidia chama au anakiharibu? Mimi sikubali neno "ovyo" hapo mwanzo. Baada ya uchaguzi nilirudi kwenye madaftari yangu nikasoma hotuba zake moja moja. Zile zilizotujenga alikuwa na kitu mkononi: fimbo, stakabadhi iliyokosekana, kipande cha wavu uliochomwa. Alimshambulia mtu kwa kitu ambacho umati ungeweza kukishika. Ile ya Machi hakuwa na kitu. Hakuwa na mama aliyekubali kusimama na kusema yaliyompata, hakuwa na jina la mkosaji, akajaza pengo kwa mzaha na kwa jina la mtu ambaye kambi yake ilikuwa karibu. Laiti kabla ya kupanda ningemuuliza swali moja tu, "Hili leo unalo na nini?", pengine angeliacha au angelisema vingine. Sikumuuliza kwa sababu umati ulikuwa mkubwa na mimi nilikuwa nimefurahi.

La pili ni la nani analipa. Kabla ya Desemba 2014 chama hakikuwa na cha kupoteza pale mwaloni. Mwenyekiti akimtukana mtendaji, mtendaji angemfanya nini fundi injini? Tulipopata kijiji, matusi yale yale yakapata mlipaji, yule mzee wa mpunga na kisima chake. Akaongezeka Mweka Hazina, ambaye kwa wiki tatu alishuka mwaloni kila asubuhi akiwa na kadi ya chama chenye sauti ile. Mwenyekiti mwenyewe hakulipa hata senti. Injini ziliendelea kuletwa, tena zaidi, maana alikuwa maarufu. Tulikuwa tunamwona kama mtu mkaidi asiyejifunza, kumbe bili haikuwahi kupelekwa kwake. Siku ilipofika, pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, alijifunza kwa dakika ishirini.

Mfano wa mzee wetu kuhusu 1995 tuliusoma kinyume. Tuliuchukua kama sababu ya kutomgusa Mwenyekiti. Ukiutazama vizuri unaonyesha kwamba kura zile hazikuwa zimeandikwa jina la chama, ndiyo maana zilitawanyika hata yeye mwenyewe asizipate zote. Kazi ya katibu, kati ya Desemba na Machi, ilikuwa kuwageuza wale waliokuja kumsikiliza Mwenyekiti wawe wanachama wenye matawi na viongozi wao. Miezi ile mitatu mimi nilikuwa nahangaika na kibao kipya cha ofisi.

Kuhusu taarifa ya "imekatwa": ilitoka haraka, ilikuwa ya kweli, na ilitudhuru. Ilimwambia kila mama kwamba tumeisikia ile sentensi, tumeielewa, na tunachokilalamikia ni mkasi. Katika yote tuliyoyafanya hilo ndilo ningelifuta kwanza.

Na hapa niwaonye wale watakaosema suluhisho lilikuwa kumfunga mdomo. Tulijaribu. Wakati wa kampeni, Septemba, kamati iliagiza asome hotuba iliyoandikwa. Niliiandika mimi, kurasa tatu, nilijivunia sana. Aliisoma kama mtoto anayesoma somo la kwanza kanisani, kidole kikifuata mstari. Kufika ukurasa wa pili watu wa pembeni walikuwa wameshaanza kuondoka, na muuza karanga aliyekuwa karibu na spika alikuwa akisikika vizuri kuliko yeye. Alifika katikati ya ukurasa wa tatu akaikunja, akaitia mfukoni, akasema "Mwangaluka." Wakarudi.

Kuhusu Tajiri sina uchambuzi mrefu. Nilipaswa kwenda kwa miguu yangu, nikae kwenye kambi yake, nisubiri mpaka anifukuze au anikaribishe chai. Ujumbe wa simu ulimweleza kwamba kutajwa kwake hadharani kulistahili jibu la faragha la maneno kumi na mawili. Mwaka mmoja baadaye nilikutana naye kwenye msiba. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, na mtumbwi hakuutaja.

Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa nchini, ukiacha ya kampeni, ikawa hivyo mpaka Januari 2023. Nje ya kampeni, miaka yote hiyo Mwenyekiti hakuwa na jukwaa. Katika kata ya mwalo chama kiliishi kwa Mweka Hazina, aliyekuwa akipita chanja hadi chanja akiuliza bei na kuandika kadi, bila spika kama alivyozoea. Mikutano iliporuhusiwa tena, tukapanga wa kwanza mwaloni, siku ya mbalamwezi. Mweka Hazina ndiye aliyefungua. Mwenyekiti, mvi zimeshamjaa, akapewa dakika 15, akazungumza 40. Fimbo alikuwa nayo.